Kiboksi kilichohamia ndani: regileta ya gari kati ya Gitega na Muyinga

Ndugu zetu, na nyinyi wa mashirika ambao mnatusoma kimya kimya, safari hii hatuandiki juu ya vita wala juu ya karatasi za ukimbizi. Tunaandika juu ya kiboksi cha bati, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimefungwa kwa skrubu pembeni mwa injini ya Land Cruiser moja kule Gitega. Sasa kiko Muyinga, kwenye rafu yetu, karibu na mfuko wa spana. Kazi kiliyokuwa kinafanya imehamia ndani ya altaneta. Kuhama huko kuna historia ya zaidi ya miaka mia moja, na kipande chake cha mwisho tumekiona sisi wenyewe, mikono ikiwa na grisi.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser FJ40, aina ambayo Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1960 na kuacha 1984. Linakunywa esansi, tena linakunywa kweli, na hilo katika nchi ambayo miaka hii ya karibuni esansi imekuwa kitu cha kupangia foleni tangu alfajiri. Mwenye gari ni mzee mmoja wa Gitega. Analibebesha maharage, mbao, watu wa harusi, na usiku mara nyingine mgonjwa. Wawili wetu walikuwa Gitega wakijifunza ufundi, wakalijua gari hilo kwa sababu lilikuwa linarudi garajini kila mara na ugonjwa uleule: batri.

Mwanzoni lilikuwa halichaji. Mzee akatoka usiku mmoja kuelekea Karuzi na mgonjwa nyuma, taa zikaanza kuwa za njano, halafu nyekundu kama kaa la moto, halafu hakuna kitu. Mgonjwa akamalizia safari kwa pikipiki. Alifika, Mungu mkubwa. Fundi mkubwa wa pale garajini akafungua kiboksi, akapiga msasa kwenye vidoti vya ndani, akakunja ulimi wa bati kidogo kwa koleo, gari likachaji. Baada ya wiki chache likaanza kuchaji kupita kiasi. Batri ikawa inachemka, maji yanaisha, ukifungua boneti unasikia harufu ya yai bovu. Sasa hiyo ni hatari ya namna nyingine, kwa sababu batri inayochemka inatoa gesi inayoweza kulipuka, na asidi inakula bati lililo chini yake.

Hapo ndipo wazo la kubadilisha lilipokuja: kuondoa altaneta ya zamani pamoja na kiboksi chake, kuweka altaneta yenye regileta ndani. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza pia, maana fundi mkubwa hakutaka. Tutaufikia. Kwanza tueleze kiboksi ni nini, kwa sababu wengi wetu tuliingia kwenye ugomvi huo bila kukijua.

Tuanze na jina, maana lenyewe ni historia. Fundi mkubwa wa Gitega alijifunza kwa Kifaransa, anasema regilateri. Mafundi wa Muyinga wanaoshuka Kobero kutafuta vipuri upande wa Tanzania wanasema katauti. Katauti hiyo hiyo wanaisema pia Warundi waliokulia kwenye kambi za Tanzania, zile za mwaka 1972 na za baada ya 1993, wakajifunza ufundi kule, halafu wakarudi. Wengine walirudi 2012, Mtabila ilipofungwa. Sisi tuliotoka Congo tulikuja na maneno yetu. Kambi ya Kinama, kule Gasorwe, Muyinga, ilifunguliwa 2002, kwa hiyo kuna vijana wanaoongea hapa maneno ya Uvira, ya Fizi, ya Bukavu, ya Ngara na ya Kibondo kwa pamoja. Kwenye maandishi haya tutasema regileta. Lakini katauti tutairudia, kwa sababu ni neno linalotaja kitu ambacho kwenye altaneta hakipo tena.

Mwaka 1831, London, Michael Faraday alionyesha kwamba ukisogeza sumaku karibu na waya uliosokotwa, umeme unapita kwenye waya. Mwaka uliofuata, mjini Paris, fundi wa vyombo aitwaye Hippolyte Pixii akatengeneza mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyofanya kazi hiyo mfululizo. Umeme wake ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na wakati ule watu hawakuona faida ya umeme wa namna hiyo. Basi Pixii akaongeza swichi inayozunguka pamoja na mhimili, ya kugeuza ule unaorudi ili wote uende upande mmoja. Kutoka kwenye swichi hiyo ikazaliwa dinamo. Kumbukeni jambo hili: umeme wa kwenda na kurudi ndio uliotangulia, halafu ukatupwa.

Magari ya kwanza hayakuhitaji chaji ya kusema. Yaliwashwa kwa hendeli, taa zao zilikuwa za gesi au mafuta. Mwaka 1912 Cadillac kule Marekani ikaweka stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wanajenga boma lao Gitega, hilo tunalitaja tu kwa kuwa limetufurahisha. Tangu hapo gari likawa na stata, stata ikataka batri kubwa, na batri ikataka kitu cha kuijaza kila siku. Kitu hicho kikawa dinamo.

Dinamo ilikuwa na matatizo yake. Umeme wote mkubwa unatoka kwenye sehemu inayozunguka, unapitia kwenye kolekta ya shaba yenye vipande vipande, unachukuliwa na makaboni. Ukiizungusha haraka sana kolekta inaungua au waya zinatoka mahali pake. Kwa hiyo inabidi izunguke polepole, na gari likisimama linanguruma tu, dinamo haitoi kitu. Ukiwasha taa umesimama, unakula batri.

Na dinamo haijui kujizuia. Injini ikienda mbio volti zinapanda. Injini ikilala, batri inakuwa na nguvu kuliko dinamo na umeme unataka kurudi nyuma. Kwa hiyo pembeni mwa injini wakaweka boksi lenye koili. Koili moja ilikuwa inapima volti. Nyingine, kwenye maboksi mengi, ilikuwa inapima ampea ili dinamo isijiunguze. Na moja ilikuwa inakata njia ya kurudi wakati dinamo imelala. Hiyo ya kukata ndiyo katauti yenyewe.

Ile ya volti ndiyo inayotupendeza zaidi. Ndani ya dinamo kuna sumaku ya umeme, na ukiipunguzia umeme wake, dinamo inatoa kidogo. Koili ya kwenye boksi inavuta ulimi wa bati wenye kidoti. Volti zikipanda, ulimi unavutwa, kidoti kinaachana na mwenzake, sumaku inapungua nguvu. Volti zikishuka, springi inarudisha ulimi. Juu, chini, juu, chini, mara nyingi kwa sekunde moja, safari nzima, miaka kumi. Ukiweka sikio karibu unasikia kama nyuki. Na fundi akitaka volti zipande au zishuke, anakunja kile kijishikizo cha springi kwa koleo, upana wa unywele. Ni kazi ya mkono na sikio. Fundi mkubwa wetu anaifanya huku anaongea na simu.

Altaneta ilirudi kwenye umeme ule wa kwanza wa Pixii, wa kwenda na kurudi. Safari hii kinachozunguka ni sumaku, na umeme mkubwa unatoka kwenye waya zilizosimama, kwa hiyo hakuna kolekta ya kuungua. Makaboni yapo, lakini yanabeba umeme mdogo tu wa kuamsha sumaku. Altaneta inaweza kuzunguka haraka sana, na hata gari likiwa limesimama inachaji. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni njia nyepesi ya kuunyoosha umeme huo, kwa kuwa batri haikubali wa kwenda na kurudi. Baada ya vita ya pili ya dunia kampuni ya Leece-Neville ya Marekani ilikuwa inafunga altaneta kwenye magari ya polisi na mengine yenye redio na taa nyingi, ikitumia vinyooshi vikubwa vya seleniamu. Mnyama mzito, ghali. Halafu zikaja diodi za silikoni, ndogo, zinazokaa ndani ya altaneta yenyewe. Chrysler ikaziweka kwenye Valiant ya mwaka 1960, na mwaka uliofuata kwenye magari yake yote. Kampuni nyingine zikafuata moja baada ya nyingine.

Diodi inaruhusu umeme upande mmoja tu. Kwa hiyo batri haiwezi kurudisha umeme wake kwenye altaneta, hata usiku kucha. Kazi ya kukata njia ya kurudi ikaisha. Altaneta pia, kwa jinsi ilivyosokotwa, haitoi ampea kupita uwezo wake, kwa hiyo koili ya ampea nayo ikapoteza kazi. Boksi likabaki na regileta ya volti, na mara nyingi koili ya kuzima taa ya chaji. Katauti ikafa, jina lake likaendelea kuishi kwenye midomo ya mafundi kutoka Mombasa hadi Muyinga.

Kwa nini boksi lilibaki nje wakati altaneta ilikuwa imeshabadilika? Ni kwa sababu ya ule ulimi wa bati. Huwezi kuweka springi nyepesi namna hiyo juu ya kitu kinachotetemeka na kuwaka moto pembeni mwa injini. Hata transista za kwanza zilikuwa haziupendi moto. Ilibidi elektroniki iwe ngumu na ndogo kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Lucas ya Uingereza ilikuwa na altaneta za ACR zenye regileta ndani. Miaka ya 1970 Delco ya Marekani ikazitoa kwa wingi. Land Rover Series III ilipotoka 1971 ilikuja na altaneta ya namna hiyo, wakati Land Cruiser ya rika lake ilikuwa bado inatembea na kiboksi chake pembeni. Wajapani hawakuwa na haraka. Kufika miaka ya 1980 regileta ya ndani ikawa kitu cha kawaida, ukiifungua unakuta kipande cheusi kilichomiminiwa plastiki, hakina springi, hakina kidoti, hakina sauti.

Sasa turudi Burundi, kwa sababu historia ya kiwandani haielezi kwa nini gari la mwaka 1970 na kitu lilikuwa bado lina kiboksi chake mpaka tulipolikuta.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka, na mwisho wa mwezi huohuo nchi jirani, zilizokutana Arusha, zikaifungia Burundi njia za biashara. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999. Kwa mafundi wa wakati ule, fundi mkubwa anatueleza, kipuri kipya ilikuwa ndoto. Ulitengeneza ulichokuwa nacho. Kidoti kilichoungua ulikipiga msasa mpaka kikaisha, halafu ukatafuta kidoti kwenye boksi lingine lililokufa. Koili iliyoungua uliisokota upya, unahesabu mizunguko kwa sauti ili usipotee. Kiboksi cha nje kilikuwa kinafaa maisha ya namna hiyo, kwa sababu kinafunguka. Miaka miwili na nusu nzima mtu anaishi kwa kitu kinachofunguka, halafu kijana anakuja kumwambia kwamba kisichofunguka ni bora. Tulipofahamu hilo tulipunguza sauti.

Maneno yake yalikuwa haya, au karibu na haya: "Wana wangu, ikiwa nje naifungua. Ikiwa ndani naenda kununua. Na siku nitakapokosa pesa?"

Jibu letu lilikuwa la soko. Leo Gitega na Muyinga zimejaa Toyota kutoka Japani zilizopitia Dar es Salaam, usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia wa barabara. Zikifa, zinakatwa vipande. Altaneta za Toyota zenye regileta ndani zipo, zimetumika lakini ni nzima, na regileta yake peke yake inapatikana pia. Kiboksi cha FJ40 tulikitafuta Gitega, tukauliza Ngozi, tukaagiza mtu wa Kobero. Kilichopatikana kilikuwa cha kuigiza, kipya kabisa, kilichaji volti 15 na nusu siku ya kwanza. Batri ya volti 12 inataka kati ya 13.8 na 14.4 hivi injini ikiwa inawaka. Kile kipya kingeichemsha kama kile kizee.

Kwa hiyo fundi mkubwa akakubali, kwa sharti kwamba kila waya tuufuate sisi kwa kidole kabla ya kuukata. Tunamshukuru kwa sharti hilo.

Tukaanza na mambo ya kukagua. Gari ni la volti 12 au 24? Land Cruiser nyingine za mazutu ni za 24. Upande gani wa batri umefungwa kwenye bodi? Kwenye FJ40 ni hasi, lakini Land Rover nyingi za zamani, mpaka miaka ya 1960, zilifungwa chanya kwenye bodi, na ukiweka altaneta bila kugeuza, diodi zinakufa kabla hujasema neno. Na swali ambalo linaweza kuua mtu: nyuma ya altaneta kuna pampu? Kwenye dizeli nyingi za Toyota mkia wa altaneta umebeba pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Ukitoa altaneta hiyo ukaweka ya kawaida, gari litachaji vizuri sana na breki itakuwa ngumu kama kukanyaga jiwe. Kwenye mteremko wowote wa Burundi hilo halihitaji maelezo. Gari letu ni la esansi, halina pampu hiyo, tukaendelea.

Altaneta tuliyopata ilitoka kwenye Toyota ya miaka ya 1980. Kuiweka mahali pake kulichukua muda kuliko umeme. Mfereji wa puli lazima uwe kwenye mstari mmoja na puli ya injini, la sivyo mkanda unakula pembeni na kupiga kelele. Tulisogeza kwa washa, tukapima kwa fimbo iliyonyooka, tukasogeza tena.

Halafu waya. Kiboksi cha zamani kilikuwa na soketi ya waya sita zenye herufi: IG, N, F, E, L na B. Altaneta mpya ina soketi ya waya tatu, IG, S na L, pamoja na bolti kubwa ya B. Hapa ndipo tulipoielewa historia yote kwa vidole. IG ni umeme unaokuja ukifungua ufunguo, wa kuiamsha regileta. Ukaenda IG. L ni waya wa taa ya chaji kwenye dashibodi. Ukaenda L. B ya kiboksi ilikuwa inaleta habari za batri. Ukaenda S, ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya kupima volti. E ni bodi, ukabaki bodi. F ulikuwa unapeleka umeme kwenye sumaku ya altaneta, na N ulikuwa unarudisha habari kwamba altaneta imeamka ili koili izime taa. Hao wawili hawana kazi tena, kwa kuwa mazungumzo yao sasa yanafanyika ndani. Tukawafunga vichwa kwa tepu, mmoja mmoja, kila mmoja peke yake. Usiwafunge pamoja, na usiwaache wazi.

Waya wa bolti kubwa ndio tulioukosea mara ya kwanza. Altaneta ya zamani ilitoa ampea kama 40, hii inaweza kupita 55. Tulitumia waya uleule wa zamani kwa kuwa ulikuwa mzima. Tukawasha taa zote, baada ya dakika chache tukaushika: moto. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto kwenye waya linaongezeka mara nne, kwa hiyo hata nyongeza ndogo inasikika. Tukauweka mnene, moja kwa moja mpaka batri, na fyuzi kubwa karibu na batri. Wenye magari yenye geji ya ampea kwenye dashibodi waangalie zaidi, maana kwenye mengi ya zamani umeme wote wa chaji unapita ndani ya geji hiyo, mbele ya magoti ya shoferi. Magari yamewahi kuungua kwa njia hiyo.

Injini ikawaka, taa ya chaji ikazima, mita ikasema 14.2. Taa zote zikiwashwa, 13.9. Fundi mkubwa akatazama mita, akatazama kiboksi mezani, akaenda kunawa mikono.

Tusiseme kwamba kila kitu kimekuwa kizuri. Kuna mambo mawili tumepoteza, na moja limetugharimu.

La kwanza ni kusukuma. Dinamo ina sumaku kidogo iliyobaki kwenye chuma chake hata ikiwa imelala miezi, kwa hiyo gari la dinamo lenye batri iliyokufa kabisa unaweza kulisukuma mteremkoni likawaka na kuendelea. Altaneta inahitaji umeme kidogo wa kuamshwa. Batri ikiwa dhaifu bado utasukuma na litawaka. Batri ikiwa maiti, mtasukuma mpaka jioni. Altaneta ya kiboksi nayo ilikuwa hivyo, si kosa la regileta ya ndani, lakini wazee wanakumbuka dinamo na wanatulaumu sisi.

La pili ni lile la fundi mkubwa: kufungua. Ni kweli nusu. Altaneta yenyewe inafunguka. Makaboni yanabadilishwa, diodi zinabadilishwa, beringi zinabadilishwa, na regileta inatoka kwa skrubu chache. Kipande cheusi peke yake ndicho hakifunguki. Kwetu hiyo inatosha. Kwake yeye haitoshi, na baada ya hesabu za miaka miwili na nusu ya vikwazo hatutashindana naye.

Lililotugharimu ni desturi. Kupima dinamo, mafundi wengi wa zamani walivua waya wa batri gari likiwa linawaka. Likiendelea kuwaka, wanasema linachaji. Desturi hiyo imepita kutoka mkono hadi mkono, haijaandikwa popote, tuliikuta Gitega na tuliikuta Muyinga. Kwa altaneta yenye regileta ndani ni kuua. Batri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme. Ukiivua ghafla volti zinaruka juu kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kinatosha kuunguza regileta au diodi. Mmoja wetu alifanya hivyo Muyinga, kwenye Corolla ya mteja, mbele ya mteja. Tulilipa regileta kwa pesa za kikundi. Pima kwa mita. Kama huna mita, tumia balbu na macho yako, lakini waya wa batri uache. Na ukitaka kuchomelea bodi kwa umeme, hapo ndipo uvue, injini ikiwa imezimwa.

Ndugu wa mashirika, hapa tunawaomba jambo. Mafunzo ya ufundi tuliyopita sisi, hatutaji ni ya nani, yalitupa kitabu cha magari mapya na sanduku la spana lisilo na mita ya umeme. Tulijifunza kubadilisha: kitu kikifa, toa, weka kingine. Magari yanayokuja kwetu ni ya miaka arobaini, hamsini, yamebadilishwa na mafundi watano, na waya zake hazifanani na mchoro wowote. Kijana anayejua kubadilisha tu anasimama mbele ya waya sita na soketi ya tatu, anaanza kubahatisha. Mita moja ya bei ndogo kwa vijana watatu ingefaa kuliko fulana za kuhitimu. Na mzee mmoja wa garaji, alipwe siku mbili kwa wiki aje aeleze yale ya zamani, kabla hajachoka. Sisi tukirudi kwetu siku moja, au tukipelekwa mbali, altaneta hatutaibeba. Kuzifuata waya sita kwa kidole kunabebeka.

Land Cruiser ya mzee inaenda Karuzi mpaka leo, esansi ikipatikana. Ameongeza taa mbili juu ya bampa ambazo hatukumshauri, na mita inasema altaneta inaziweza. Kiboksi tulikiomba tukakileta Muyinga kwa ajili ya kufundishia. Tunakifungua kifuniko, kila mmoja anasukuma ulimi kwa kidole na kuona vidoti vinavyoachana na kukutana, na wale wadogo wanauliza kwa nini kinaitwa katauti kama hakikati kitu.

Wiki iliyopita fundi mkubwa alituma ujumbe. Kuna mtu wa Ngozi ana FJ40 kama ile, hataki kubadilisha, anatafuta vidoti. Tumekifunga kiboksi kwenye karatasi na mpira, kinasubiri gari la Gitega.